Wajukuu wa Mtoni: Thawka, Said na Ghuza

Mwaka 1898 kisiwa cha Jaluit, makao ya utawala wa Kijerumani katika Visiwa vya Marshall, kilipata mtawala mpya, Eugen Brandeis, na mke aliyemwoa mwaka huohuo akaja kuishi naye huko. Jaluit ni ukanda mwembamba wa matumbawe na minazi katikati ya Bahari ya Pasifiki. Biashara yake wakati ule ilikuwa mbata, na mnunuzi mkubwa alikuwa kampuni ya Hamburg iliyobeba jina la kisiwa chenyewe. Bibi Brandeis hakukaa bure. Alikusanya mikeka na vifaa vya wenyeji, akapiga picha, akaandika juu ya desturi za watu wa Nauru. Mwaka 1907, akiwa amerudi Ujerumani, alichapisha mjini Berlin kitabu cha mapishi kwa ajili ya wake wa Kijerumani waliokwenda kuishi kwenye makoloni ya nchi za joto.

Kwa juujuu utadhani ni mke wa ofisa wa kikoloni kama wengine wote wa zama zile. Lakini jina lake la kuzaliwa ni Antonie Thawka Ruete, na babu yake mzaa mama ni Seyyid Said bin Sultan, aliyehamisha makao ya dola yake kutoka Maskati hadi Unguja na kukifanya kisiwa hicho kuwa nchi ya karafuu.

Mama yake Thawka ni Bibi Salme, ambaye Wazungu wanamjua kwa jina la Emily Ruete. Kisa chake hakina mgeni. Watembeza watalii wa Mji Mkongwe wanacho midomoni, na katika Jumba la Makumbusho la Beit al-Sahil, pale Forodhani, aliwekewa chumba kizima. Kwa kawaida masimulizi huishia pale binti wa Sultani anapopanda meli usiku na kumfuata Mjerumani wake, au yakienda mbali huishia kwenye kitabu alichoandika. Watoto hutajwa kwa sentensi moja, kisha msimulizi anafunga. Mimi naona kisa hiki kinasomeka vizuri zaidi kama kesi ya mirathi iliyodumu zaidi ya nusu karne. Mama aliidai kwa wakuu wa Uingereza na wa Ujerumani, na iliposhindikana, kila mtoto alichukua fungu lake la urithi usiogawika kwa mizani.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi, aliyetekwa utotoni kwao Kaukazi na kuingia nyumba ya Seyyid Said akiwa bado mtoto wa kuchezea wanasesere. Kwa sheria iliyotumika Unguja, mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana wake ni huru na ni mrithi kamili, sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Hili ni jambo la kuliweka akilini, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kumnyima Salme haki yake kwa hoja kwamba mama yake alikuwa mtumwa. Hoja iliyomwangusha ilikuwa nyingine kabisa.

Seyyid Said alifariki baharini mwezi Oktoba 1856, akirudi kutoka Omani, akaacha watoto 36 walio hai. Salme alikuwa na miaka kumi na miwili. Alihesabiwa kuwa mtu mzima, akakabidhiwa fungu lake: shamba lenye nyumba, na fedha taslimu zaidi ya pauni 5,000. Jilfidan alipokufa kwa kipindupindu mwaka 1859, binti akarithi mashamba mengine matatu. Hivyo kabla hajatimiza miaka kumi na sita Salme alikuwa mwenye mali kwa jina lake mwenyewe, bila mume wala kaka kumtilia saini. Alikuwa pia mwenye watumwa, maana karafuu hazikujichuma. Alijua pia kuandika, jambo ambalo wasichana wa jumbani hawakufundishwa. Alijifunza kwa siri kwa kunakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia.

Ujuzi huo ulimponza. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Sultani Majid, Salme ndiye aliyekuwa karani wa njama: barua za kuwaita watu na kuagiza silaha zilitoka mkononi mwake. Waingereza walimsaidia Majid, uasi ukavunjwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki amekosana na nusu ya jamaa zake. Baadaye alipatana na Majid, na kwa kupatana naye akamchukiza Barghash. Anayetaka kuelewa kwa nini Barghash, alipokuwa mtawala, hakumpa dada yake hata dakika moja ya kuonana, aanzie hapa. Mambo ya dini yalikuja juu ya kidonda kilichokuwepo.

Kisa cha mapenzi kati yake na Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana wa Hamburg aliyepanga nyumba jirani, nakiacha kwa wanaokipenda. Itoshe kusema kwamba tarehe 24 Agosti 1866, akiwa mjamzito, aliondoka Unguja katika manowari ya Kiingereza, Highflyer, akashushwa Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, akaozwa Heinrich siku hiyohiyo, na wakaanza safari ya Ulaya. Mtoto alifia njiani, kwenye treni, Ufaransa. Ubatizo ule ndio uliokata mirathi. Kwa sheria ya Kiislamu, aliyetoka katika dini hamrithi Mwislamu, na jamaa za Salme walikuwa wakifa mmoja mmoja katika miaka iliyofuata, kila mmoja na majumba yake na mashamba yake. Kwa hesabu yake, mafungu yale yalikuwa haki yake. Kwa hesabu ya kadhi, alikuwa amejitoa mwenyewe.

Mjini Hamburg walizaliwa watatu, wakifuatana mwaka hadi mwaka: Antonie Thawka mwezi Machi 1868, Rudolph Said mwezi Aprili 1869, na Rosalie Ghuza mwezi Aprili 1870. Majina ya kwanza ni ya kanisani na ya ukweni. Majina ya pili ni ya kwao mama. Mwana wa kiume alipewa jina la babu, kama ambavyo angepewa angezaliwa Mtoni.

Ghuza alikuwa na miezi minne tu baba yao alipokufa, tarehe 6 Agosti 1870, kwa kuumizwa na tramu ya farasi. Kilichofuata kinaeleza mengi kuhusu ule unaoitwa ustaarabu wa Ulaya, na Salme mwenyewe hakuficha uchungu wake katika barua alizoandika baadaye. Msichana aliyemiliki shamba Unguja akiwa na miaka kumi na miwili aligundua kwamba katika mji huru wa Hamburg mjane haruhusiwi kusimamia mali ya marehemu mumewe. Aliwekewa wasimamizi wanaume. Fedha zikapungua. Akahama kutoka mji hadi mji kutafuta maisha nafuu, Dresden, Rudolstadt, Berlin, Köln, akifundisha Kiarabu ili watoto wale. Watoto walikua Wajerumani kamili: hawakulelewa kwa lugha ya mama yao, na Unguja kwao ilikuwa nchi ya hadithi zake.

Mwaka 1875 Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, alizuru London. Salme akaenda huko akitumaini kumwona. Sir Bartle Frere, yuleyule aliyekuwa ametumwa Unguja miaka miwili nyuma kumbana Barghash afunge soko la watumwa, alimjia na pendekezo: asijaribu kuonana na kaka yake, na serikali ya Uingereza itaangalia masomo ya watoto. Alikubali. Sultani akaondoka, ahadi nayo ikayeyuka, kwa maelezo kwamba mjane wa Kijerumani hahusiki na hazina ya Uingereza. Kwa hiyo madai ya mirathi yakahamia Berlin.

Bismarck hakuyajali kwa miaka mingi, mpaka yalipomfaa. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alizunguka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye karatasi, na mwezi Februari 1885 Kaisari akaipa kampuni yake hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Barghash alipinga, kwa kuwa alizihesabu ni zake. Ujerumani ikaamua kumpelekea manowari. Ndipo madai ya mjane wa Ruete yalipotolewa kabatini. Alikuwa raia wa Ujerumani anayemdai Sultani. Sultani akimdhuru au akimdharau, hiyo ni sababu. Mwezi Julai 1885 Salme na watoto wake watatu, mkubwa ana miaka kumi na saba, walisafiri hadi Port Said na kupanda meli ya Adler kuelekea Unguja. Kundi la manowari za Kijerumani chini ya kamanda Paschen lilitia nanga mbele ya jumba la Sultani tarehe 7 Agosti.

Ninajiuliza vijana wale walikuwa na mawazo gani siku hiyo. Kwa mara ya kwanza waliiona nchi ya mama yao, nao wameiona kutoka sitaha ya meli iliyokuja pamoja na mizinga iliyoelekezwa kwa mjomba wao. Kwa Waswahili mjomba ni mtu wa karibu. Mpwa akiwa na shida huenda kwake kabla ya kwenda kwa mwingine. Hawa walikuja na Bismarck. Kulikuwa na uvumi, na Waingereza waliuchukulia kwa uzito, kwamba Wajerumani wangependa siku moja kumweka kijana Rudolph Said kwenye kiti cha babu yake. Sidhani Bismarck alifika huko kwa dhati, lakini uvumi ulitosha kufanya kazi yake.

Barghash alisalimu amri kuhusu nchi za bara katika siku chache. Kuhusu dada yake hakusalimu amri. Hakumpokea, na kiasi kidogo cha fedha kilichopendekezwa Salme alikikataa, akisema hakuja kuomba sadaka. Watu wa mjini walimpokea kwa namna nyingine. Alipotembea mitaani na watoto wake walimkusanyikia na kumsalimu, na anasimulia hayo kwa furaha inayosikika hadi leo. Baada ya hapo manowari ziliondoka, kilichotafutwa kikiwa kimepatikana, na mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikagawana bara na kumwachia Sultani ukanda wa pwani wa maili kumi. Berlin haikuwa tena na haja ya madai ya bibi huyu.

Alijaribu mara nyingine mwaka 1888, baada ya Barghash kufa na Khalifa bin Said kushika nafasi yake. Ulikuwa mwaka mbaya. Kampuni ya Kijerumani ilikuwa inajiandaa kupokea forodha za pwani, na mwezi Agosti pwani kuanzia Pangani ikawaka uasi chini ya Abushiri. Mwanamke aliyekuja mara ya kwanza na manowari za Kijerumani asingeweza kuchagua wakati mgumu zaidi wa kuomba huruma jumbani. Alirudi mikono mitupu, na kwa hasira hakurudi Ujerumani. Alikaa Jaffa, kisha kuanzia 1892 akahamia Beirut, ambako aliishi mpaka 1914, akisikia adhana kila siku na kuzungumza Kiarabu na majirani.

Kitabu chake cha kumbukumbu kilikuwa kimekwishatoka Berlin mwaka 1886, na ndani ya miaka miwili kilikuwa kwa Kiingereza pia. Ni kitabu cha thamani kubwa kwa historia yetu, maana hakuna mwingine aliyetuandikia maisha ya ndani ya majumba ya Mtoni na Beit al-Watoro, vyakula, ugomvi, maradhi, harusi na misiba, kwa jicho la aliyekulia humo. Ndani yake kuna pia sura kuhusu utumwa ambayo msomaji wa leo huisoma kwa shida. Salme anautetea. Anasema watumwa wa nyumba za Kiarabu hawakuteswa kama wale wa Amerika, na kwamba Wazungu wanaopiga kelele hawaijui nchi. Mengine anayowaambia Wazungu ni kweli, hasa kuhusu unafiki wao. Lakini aliyeandika ni mwenye shamba, binti wa mwenye mashamba, na mashahidi aliowaita ni wa upande mmoja.

Sasa tuwarudie watoto, na tuanze na Thawka, kwa sababu ndiye aliyeuchukua urithi wa mama kwa njia ambayo mama hakuitarajia. Brandeis, aliyemwoa akiwa na miaka thelathini, alikuwa mtu wa visiwa. Miaka ya 1887 na 1888 alikuwa waziri mkuu wa serikali ya Tamasese huko Samoa, iliyowekwa kwa msaada wa Wajerumani na kuangushwa na Wasamoa wenyewe. Jaluit ilikuwa tuzo ya utulivu. Kampuni ile ya Hamburg ndiyo iliyogharimia utawala, ikapewa kipaumbele cha biashara, na wafanyabiashara washindani kutoka Australia wakatozwa ada za kuwafukuza, hadi suala hilo likafika kati ya London na Berlin. Brandeis alilalamikiwa pia kwa kuwachapa wenyeji viboko. Mwaka 1906 muda wake uliisha.

Weka picha mbili pamoja. Mwaka 1885 binti wa miaka kumi na saba yuko kwenye meli, mama yake akitumiwa kama kisingizio cha dola ya Ujerumani kuichukua nchi ya babu yake. Mwaka 1900 mwanamke huyohuyo ni mke wa mwakilishi wa dola hiyohiyo katika nchi ya watu wengine, akipanga vifaa vyao kwenye masanduku ya kupeleka makumbusho ya Ujerumani. Mkusanyo wa akina Brandeis uko Freiburg mpaka leo. Naweza kumwona kama msaliti wa kwao, lakini nadhani hukumu hiyo ni nyepesi mno. Alikuwa amezaliwa Hamburg. Kwao ni wapi? Babu yake naye aliziita nchi za wengine zake. Jicho la Thawka kwa kazi za mikono ya wanawake wa Jaluit na Nauru, mikeka yao na ususi wao, ni jicho la mtu aliyesimuliwa mengi kuhusu nyumba yenye ususi na mikeka, na pengine mama yake angelitambua.

Walizaa mabinti wawili, na ndoa ikavunjika rasmi mwaka 1913. Baada ya hapo alifanya kazi katika harakati za wanawake wa Kijerumani waliotaka makoloni yapate wake na walimu wa kike kutoka Ujerumani, shughuli iliyobaki na wafuasi hata baada ya 1919, Ujerumani ilipokwishanyang'anywa Tanganyika na mengine yote. Wajukuu wa Seyyid Said waliolia kwa kupoteza koloni la Afrika Mashariki hawakuwa wote Unguja.

Said, ndugu yake, alikwenda kinyume. Alianza kama ofisa wa jeshi la Ujerumani, akaacha jeshi, akaenda Misri kufanya kazi katika shirika la reli, kisha akawa mkurugenzi wa Benki ya Kijerumani ya Mashariki mjini Cairo kuanzia 1906 hadi 1910. Mwaka 1901 alimwoa Theresa Mathias, wa familia ya Kiyahudi, binamu wa Alfred Mond, tajiri wa viwanda aliyekuja kuwa waziri Uingereza na kiongozi mkubwa wa Wazayuni nchini humo. Mwaka 1906 akalitoa jina lake la katikati na kulifanya sehemu ya jina la ukoo: Said-Ruete. Babu yake mzaa baba, mzee Ruete wa Hamburg, angeshangaa kuona jina la Sultani limetangulia jina lake kwenye kadi ya mwenye benki.

Hakudai mashamba kama mama yake. Alidai nasaba. Baada ya kuhamia London mwaka 1910, na kukaa Uswisi wakati wa Vita Kuu akishughulika na juhudi za amani, aligeukia karatasi: barua, vitabu, picha, kila kilichohusu Omani, Unguja na ukoo wa Al Busaidi. Mwaka 1929 alichapisha London kitabu juu ya babu yake, *Said bin Sultan*, chenye utangulizi wa Sir Percy Cox, mmoja wa vigogo wa utawala wa Waingereza katika Ghuba. Kitabu hicho kinamtukuza Seyyid Said kama mjenzi wa dola na rafiki wa Uingereza, na wanahistoria wa baadaye wamekikosoa kwa hilo. Lakini kilifanya kazi ambayo kesi zote za mama hazikuifanya. Mjukuu wa yule aliyefutwa jumbani akaandika historia ya jumba, na jumba likaikubali. Sultani Khalifa bin Harub, mjukuu wa Thuwaini, kaka mwingine wa Salme, alimtunukia nishani ya Nyota Ing'aayo ya Zanzibar. Hivyo ukoo huo ukamtambua hadharani mtu wa tumbo la Salme.

Wanazi walipoingia madarakani, Said, mume wa Myahudi na mjukuu wa Mwarabu, aliuacha uraia wa Ujerumani mwaka 1934 na kuwa Mwingereza. Mkusanyo wake aliupeleka Leiden, Uholanzi, kwa ushawishi wa urafiki wake na Snouck Hurgronje, mtaalamu wa Uislamu aliyewahi kuishi Makka. Uamuzi huo uliokoa mengi. Kutokana na makaratasi yale ndipo mwaka 1993 E. van Donzel alipochapisha pamoja kumbukumbu za Salme na barua zake za baadaye, zile zinazoeleza maisha ya mjane Ujerumani. Bila mwana huyo mkusanyaji tungebaki na nusu ya kwanza ya maisha ya mama, ile inayopendwa na watalii.

Ghuza ameacha alama chache, na sababu ni dhahiri: ndiye aliyekaa na mama. Aliolewa na Martin Troemer, ofisa wa jeshi la Prussia aliyefika cheo cha meja jenerali, na mwaka 1914 Salme alipoondoka Beirut alikuja kuishi kwao Bromberg. Baada ya vita mji huo ulitiwa ndani ya Poland, ukawa Bydgoszcz, nao wakahamia Jena. Huko, kwenye nyumba ya binti mdogo, Bibi Salme alifariki tarehe 29 Februari 1924, na akazikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, upande wa kina Ruete. Kazi ya kumuuguza mzee haiachi vitabu wala nishani, na katika koo zetu pia anayeifanya ndiye husahaulika kwanza.

Vita vya pili viliwakuta ndugu watatu pande tofauti. Thawka alikuwa na miaka sabini na saba, anaishi Bad Oldesloe, mji mdogo kaskazini-mashariki mwa Hamburg. Tarehe 24 Aprili 1945, siku chache kabla Ujerumani haijasalimu amri, ndege za Uingereza ziliupiga mji huo kwa mabomu na mamia ya watu wakafa, yeye akiwemo. Kaka yake alikuwa raia wa Uingereza wakati huo. Said alifariki Luzern mwezi Mei 1946, na Ghuza mwaka 1948. Said aliacha mwana, Werner, aliyekufa 1962, na binti aliyempa jina la Salme.

Mwaka 2019 jiji la Hamburg liliamua kumpa Emily Ruete uwanja mdogo wenye jina lake, likimheshimu kama mwanamke wa Kiafrika na Kiarabu aliyeishi mjini humo. Haukupita muda wasomaji wakaifungua ile sura ya utumwa, mjadala ukawaka, na uamuzi ukapitishwa wa kuliondoa jina. Waliopinga walikuwa na hoja. Ninachoona cha ajabu ni kwamba mjadala ulifanyika katika mji ambao nyumba zake za biashara zilisafirisha karafuu na simbi kutoka Unguja kwa miongo kadhaa, karafuu zilizochumwa na watumwa haohao, na majina ya baadhi ya wafanyabiashara hao hayajatikisika sana.

Na wachumaji? Salme ana nasaba inayofahamika hadi vitukuu, ina tarehe za ubatizo, picha za studio na makasha Leiden. Watu waliopanda na kuchuma kwenye mashamba yake hawana hata mstari katika makasha hayo. Kuna hati inayowagusa kwa mbali, ile ya kugawa ardhi, na iliandikwa muda mrefu baada ya wote kufa. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimwondoa Sultani Jamshid bin Abdullah, mjukuu wa Khalifa bin Harub, na mashamba makubwa yakataifishwa. Kuanzia mwaka 1965 serikali ya Abeid Karume iligawa ardhi kwa wananchi, eka tatu kwa kila familia, mikarafuu ikiwa imesimama humo humo.